Wagonjwa wa Kupigwa Picha

Kila siku ya shule, kengele ya saa kumi ikishalia, Zilpah na rafiki yake Metrine walitoka katika darasa la Gredi ya Sita wakashika njia ya nyumbani. Walipita nyuma ya soko la Migori, wakakata kona penye duka la misumari na mabati, wakafika barabara kubwa. Hapo Metrine alisimama kununua kipande cha muwa. Zilpah alisimama kumdharau Boaz. Hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake ya kila jioni, na aliifanya kwa bidii kuliko hesabu za sehemu.

Boaz alikuwa na duka la kuuza wanyama wadogo wa kufugwa. Juu ya mlango aliandika PENDA MNYAMA kwa rangi nyekundu, na kando ya maandishi mchoraji alimchora mtoto wa mbwa mnene anayecheka. Mbwa huyo wa ukutani ndiye peke yake aliyekuwa mnene pale. Ndani, vizimba vilipangwa kimoja juu ya kingine: njiwa juu, sungura katikati, watoto wa mbwa na wa paka chini kabisa, ili uchafu wa huyu umwangukie yule. Mtu mzima, mwenye ndevu na kitambulisho cha taifa, ndiye aliyekaa akafikiri akaona hivyo vinafaa! Kisha akaketi mlangoni kwenye kiti cha plastiki, soda mkononi, kijiti cha meno mdomoni, akilalamika kwamba mji unanuka.

"Mwangalie," Zilpah alinong'ona. "Soda ya pili hiyo, na wale njiwa hawana hata tone la maji."

"Si twende," Metrine alisema huku akitafuna. "Kila siku unamkazia macho, na yeye hata hajui kama uko hapa."

"Atajua tu."

Mwanzoni mwa muhula wa pili, Zilpah alimwona sungura mmoja wa kijivu katika kizimba cha mbele. Masikio yake yalijaa magamba ya upele hata yakashindwa kusimama. Macho yalizibwa na matongo, na mbavu zake ungeweza kuzihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Zilpah alilia usiku kucha kwa ajili ya sungura huyo. Kesho yake alichukua pesa alizopewa na babu yake kule Sori wakati wa likizo, akaenda akaziweka mbele ya Boaz bila kumsalimu.

"Nipe yule wa kijivu. Na ni aibu jinsi unavyowaweka hawa wanyama!"

Boaz alizihesabu pesa polepole. Akamtoa sungura kwa kumnyanyua masikio yale yale yenye vidonda.

"Aibu yangu, sungura wako," akasema, akairudia soda yake.

Zilpah alikuwa na shangazi, dada ya baba yake, jina lake Irine. Alimwita Waya, kama Wajaluo wanavyowaita shangazi zao, lakini mji mzima ulimwita Daktari wa Ng'ombe. Alikuwa mhudumu wa afya ya mifugo. Alivaa mabuti ya mpira, aliendesha pikipiki, na ulimi wake ulikata kuliko visu vyake vya kazi. Alimdunga sungura sindano ya kuua utitiri, akamlainisha magamba ya masikio kwa mafuta, akamwonyesha Zilpah namna ya kumlisha na kumsafishia makao.

"Umemtoa wapi huyu?" Waya aliuliza.

"Kwa Boaz. Nimemwokoa, Waya."

Waya Irine alisonya kwa sauti ndefu. Alitaka kusema neno, ila mtu wa Nyatike alikuwa akimngoja mlangoni, ng'ombe wake ameshindwa kuzaa, naye akapanda pikipiki akaenda zake.

Sungura alipona. Baada ya wiki sita masikio yalisimama wima na manyoya yakang'aa. Zilpah alimpa jina la Mheshimiwa, kwa kuwa alikula, akalala, na hakufanya kazi nyingine yoyote.

Ikatokea kwamba muhula huo Mwalimu Werema, mwalimu wao wa Kilimo, alitoa mradi. Kila mwanafunzi afuge mnyama mdogo nyumbani, ampige picha, aandike tarehe, kisha alete picha zibandikwe ukutani. Wengi walileta picha za kuku wakiwa wamesimama tu, kama kuku wanavyosimama. Zilpah alileta mbili. Chini ya ya kwanza, aliyoipiga kwa simu ya mama yake pale pale mbele ya duka siku ya kumnunua, aliandika KABLA. Chini ya ya pili, Mheshimiwa akiwa mnene kama mto wa kochi, aliandika BAADA.

Mwalimu Werema aliruka kutoka kitini. "Darasa! Mnaona? Huu ndio mradi! Hao kuku wenu ni wa mchuzi tu, rudieni." Akachukua kalamu nyekundu, akaandika KUZIDI MATARAJIO, alama ya juu kuliko zote. Akamwita Mwalimu Mkuu aje aone. Mwalimu Mkuu akaja, akapiga makofi matatu, akasema picha hizo zitaonyeshwa siku ya wazazi. Kichwa cha Zilpah kilivimba siku hiyo. Alitembea kwenda nyumbani bila kukanyaga vumbi, au ndivyo alivyojiona.

Sasa nikueleze kilichofuata. Ukitaka kucheka cheka, lakini mimi kilinichefua.

Darasani kulikuwa na mvulana aitwaye Job. Kwao kulikuwa na sungura zaidi ya ishirini, wazima, wanene, wanaorukaruka. Ungedhani angempiga picha mmoja wao na mambo yakaisha. Wapi! Job alikwenda kwa Boaz akanunua sungura anayechechemea.

"Si kwenu wako tele?" Metrine alimwuliza.

"Wa kwetu hawana Kabla," Job alijibu, akishangaa kuulizwa jambo la wazi namna hiyo.

Na si Job peke yake. Katika majuma matatu, wanafunzi kumi na wanne walipita kwa Boaz. Wote waliwapita wanyama wazima bila kuwatazama na kuelekeza kidole kwa aliyekonda zaidi. "Huyu hajaugua vya kutosha," msichana mmoja alisema, akabadilishiwa. Kila mmoja alimpiga mnyama wake picha pale pale mlangoni, chini ya maandishi mekundu, akaandika tarehe kwa mwandiko mzuri kama Mwalimu alivyoagiza. Halafu wakawapeleka nyumbani kwenye makatoni, wakawatupia kabichi, na kungoja wapone wenyewe. Hawakuwa na shangazi mwenye sindano. Wengi wa wanyama wale walikufa kabla ya juma kwisha.

Lakini picha za Baada zilikuja, tena kwa wakati! Ya Job ilikuwa nzuri ajabu. Sungura wake wa Kabla alikuwa na doa jeusi puani, na wa Baada hakuwa nalo.

"Doa limepona," Job alieleza.

Mwalimu Werema alimwandikia KUZIDI MATARAJIO.

Zilpah hakujua habari za vifo hivyo, maana hakuna aliyesema. Alichojua ni kwamba yeye ndiye aliyeanza. "Kumi na tano pamoja na Mheshimiwa," alimwambia Metrine wakiwa njiani. "Tumewaokoa kumi na tano!"

Metrine alitema makapi ya muwa. "Na mbona vizimba bado vimejaa?"

Zilpah alianza kuwahesabu upya kwa vidole.

Siku ya Jumatatu iliyofuata, nje ya duka la Boaz palikuwa na meza. Juu yake palifungwa mtoto wa mbwa, mwekundu-mwekundu, tumbo limejaa minyoo na miguu kama njiti. Shingoni alikuwa na kamba ya katani. Mbele yake kulikuwa na mkebe wa maji. Mtoto wa mbwa alijivuta kuelekea mkebe, kamba ikamkaba, akakohoa, akarudi nyuma. Akajivuta tena. Mkebe ulikuwa mbali kwa upana wa vidole viwili hivi.

Zilpah aliusogeza mkebe. Mtoto wa mbwa akautumbukizia uso mzima, akanywa hadi maji yakamtoka puani.

Boaz alitoka ndani. Hakukasirika. Aliushika mkebe akaurudisha pale pale ulipokuwa, kama mtu anayepanga chumvi na sukari kwenye rafu.

"Usiniharibie bidhaa, mteja wangu," alisema.

"Ana kiu!"

"Najua." Boaz akatabasamu, na kijiti cha meno kikahama kutoka pembe hii ya mdomo hadi ile. "Wewe ndiye uliyenifungua macho, na sijakushukuru. Zamani wagonjwa nilikuwa nawatupa jalalani. Wazima, nikiuza wawili kwa wiki nasema asante. Siku hizi watoto wa shule hawataki wazima. Wanataka mgonjwa wa kupigwa picha! Sasa mimi mgonjwa wa kila siku nitamtoa wapi? Inabidi nimtengeneze."



"Huyu anakuja mezani saa kumi kamili, mkitoka shule," Boaz aliendelea, akimgusa mtoto wa mbwa mbavuni kwa kidole. "Ijumaa atakuwa ameiva. Lakini wewe ukimtaka leo, nitakufanyia bei ya rafiki."

Rafiki! Kwa miezi mitatu Zilpah alikuwa amemwekea Boaz matusi ya kila aina kichwani, akingoja siku ya kuyamwaga. Sasa siku imefika, na hakupata hata moja. Aligeuka akakimbia, na Metrine nyuma yake, mpaka nyumbani kwa Waya Irine.

Waya alikuwa uani akisugua mabuti yake kwa brashi.

"Waya, nikopeshe pesa," Zilpah alisema akihema. "Kuna mtoto wa mbwa kwa Boaz. Anamnyima maji makusudi. Ijumaa atakufa. Nikopeshe, nitakulipa, nitakuoshea pikipiki mpaka Krismasi!"

Akamweleza yote, picha, Job, meza, mkebe. Waya Irine alisikiliza bila kuacha kusugua. Zilpah alipomaliza, Waya aliweka buti chini.

"Kwa hiyo nikupe pesa umpe Boaz."

"Nimwokoe, Waya!"

"Sawa. Na yule wa Jumanne?"

"Yupi wa Jumanne?"

"Yule atakayefungwa kwenye meza hiyo hiyo kesho, huyu akiondoka. Huyo naye nikukopeshe? Na wa Jumatano? Yawa! Mimi mshahara wangu wa serikali unajulikana, siwezi kuwaajiri watu wawili, wewe na Boaz."

Machozi yalimtoka Zilpah. "Lakini mimi ninamchukia yule mtu. Ninamdharau kila siku!"

"Ehe. Kila jioni unasimama pale unamdharau, halafu unampa pesa. Unafikiri anaona biashara mbaya? Mtu kama Boaz atakubali kudharauliwa hivyo mpaka azeeke." Waya alishusha sauti. "Na mimi je? Uliponiletea yule sungura, nilisonya nikaenda zangu. Mhudumu wa mifugo mzima! Kana kwamba kusonya ni matibabu. Kaa chini, nyathina, mwanangu. Na wewe Metrine, kaa."

Wakakaa kwenye ngazi.

"Kutesa mnyama ni kosa kwa sheria ya nchi hii," Waya alisema. "Lakini nikienda pale leo, Boaz atanionyesha mmoja mnene, atasema huyu mwingine kafika jana akiwa hivyo. Ninahitaji ushahidi kwamba ni desturi yake, siku baada ya siku. Ndipo daktari wa mifugo wa kaunti ndogo atakuja na polisi."

Zilpah alifuta pua. "Picha," alisema.

"Picha gani?"

"Za darasani. Za Kabla. Ziko kumi na tano, zote zimepigwa mlangoni kwake. Jina la duka linaonekana, na kila moja ina tarehe."

Waya Irine aliiacha brashi. "Ukizitoa pale ukutani utaulizwa kwa nini. Utalazimika kusema kwamba kazi iliyopigiwa makofi na Mwalimu Mkuu ndiyo iliyomfundisha Boaz kufanya hivi. Utaweza?"

Zilpah alimfikiria mtoto wa mbwa akijivuta kuelekea mkebe. "Nitaweza."

Jumanne asubuhi, kipindi cha Kilimo, alisimama mbele ya darasa. Alisema yote aliyoambiwa na Boaz, neno kwa neno. Kisha akamwomba Mwalimu Werema picha za Kabla.

Uso wa Mwalimu Werema ulibadilika. "Zilpah, hebu tuongee baadaye. Picha hizo Mwalimu Mkuu amezipenda. Siku ya wazazi ni wiki ijayo..."

"Mtoto wa mbwa hatafika wiki ijayo, Mwalimu."

"Ai! Unataka tupokonywe alama?" Job alifoka kutoka nyuma. "Wewe ushapata zako!"

Zilpah alimgeukia. "Job, sungura wako wa Boaz yuko wapi?"

"Yuko nyumbani."

"Yule mwenye doa?"

Job alitazama dawati lake. Mwishowe akasema kwa sauti ndogo sana, "Alikufa siku ya tatu. Wa picha ni wetu tu, wa nyumbani."

"Wangu pia alikufa," akasema msichana wa mbele. Mwingine akasema wake, na mwingine, na mwingine. Kati ya wanyama kumi na wanne walionunuliwa baada ya Mheshimiwa, watatu tu walikuwa hai.

Mwalimu Werema alikaa chini. Alivua miwani, akaisafisha kwa tai, akaivaa, akaivua tena.

"Sikumwendea hata mnyama mmoja nikamwona," alisema. "Niliangalia karatasi nikatoa alama. Kosa hili ni langu kabla halijawa lenu." Akasimama, akaibandua picha ya Zilpah kwa mkono wake, kisha nyingine zote, akazitia katika bahasha ya kaki. "Alama zote za mradi nimezifuta. Zilpah, mpelekee shangazi yako hizi. Na mtu yeyote asinunue kitu kwa Boaz, hata chakula cha kuku."

Adhuhuri ile Waya Irine aliandika ripoti, akaambatanisha picha na maelezo ya Zilpah, akayapeleka yote kwa Daktari Osoro, mkuu wake. Daktari aliahidi kwenda na polisi Alhamisi asubuhi, siku ya karibu ambayo polisi wangepatikana. Waya hakungoja. Saa tisa alikwenda mwenyewe dukani na dawa ya minyoo na chupa ya maji. Boaz alimfungia mlango usoni. "Mali yangu hii, mama," alisema kwa ndani. "Unataka kumnywesha, mnunue."

Wanafunzi walipita pale Jumanne wakitazama mbele. Boaz aliwaita kwa majina, akawaita tena, akashusha bei. Hakuna aliyesimama. Jumatano walipita hivyo hivyo. Mtoto wa mbwa alikuwa amelala kwa ubavu juu ya meza. Hakujivuta tena kuelekea mkebe.

Siku hiyo Zilpah alikuwa na pesa mfukoni, alizopewa na mama yake za viatu vipya vya shule. Alikuwa amezishika tangu asubuhi, zikalowa jasho.

"Nusu bei," Boaz alimwambia. "Mteja wangu, angalia jinsi alivyo. Huna huruma?"

Ati huruma! Neno hilo lilitoka katika kinywa kile bila kuona haya.

"Mnunue," Metrine alinong'ona, machozi yakimtiririka. "Mmoja tu, Zilpah. Huyu tu."

Mkono wa Zilpah ulianza kutoka mfukoni. Aliona ubavu wa mtoto wa mbwa ukipanda na kushuka, polepole. Aliona pia mlangoni, ndani ya giza la duka, kizimba kidogo kilichokuwa kimeandaliwa, na ndani yake mtoto mwingine wa mbwa, mweupe, bado mnene, kamba ya katani tayari shingoni. Boaz alishamchagua anayefuata.

Zilpah aliurudisha mkono mfukoni. Alisukuma mkebe wa maji kwa kiwiko mpaka chini ya pua ya mgonjwa, akamshika Metrine, na wakaondoka wakilia kwa sauti barabarani bila kujali nani anawaona.

Alhamisi saa tatu asubuhi Daktari Osoro alifika na Waya Irine na maaskari wawili. Boaz aliwapokea kwa tabasamu. Alisema wanyama wake wako kwenye mlo maalumu. Alisema upele ni wa msimu. Alisema yeye ni mpenda wanyama, wasome wenyewe pale juu ya mlango. Daktari Osoro alipanga picha mezani moja moja, kumi na tano, tarehe juu ya tarehe, na kila picha ikiwekwa tabasamu la Boaz lilipungua, hadi kijiti cha meno kikaanguka. Duka likafungwa kwa kufuli la serikali. Boaz akapandishwa gari kujibu mashtaka, akilalamika njia nzima kwamba kiti kinanuka. Njiwa, paka, sungura na watoto wa mbwa, ishirini na watatu kwa jumla, wakapelekwa kwenye ua wa ofisi ya mifugo.

Ishirini na watatu. Yule mwekundu hakuwemo. Alikuwa amekufa alfajiri.

Jumamosi darasa zima lilikwenda kwenye ua ule, na Mwalimu Werema akiwa amekunja suruali hadi magotini. Walisugua vizimba, walichota maji, walishika masikio ya sungura huku Waya Irine akidunga sindano. Job alileta majani gunia zima kutoka kwao. Hakuna aliyepiga picha.

Mwishowe Zilpah alimfuata Waya bombani, akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Ningemnunua Jumatano, angekuwa hai."

Waya Irine alifunga bomba. Wengine waliokuwa karibu waliacha kufagia wakasikiliza.

"Ndiyo," alisema. "Ungemnunua Jumatano angekuwa hai. Siwezi kukudanganya. Nami nimeliona kaburi lake, nimelichimba mwenyewe." Akapangusa mikono kwenye aproni. "Na yule mweupe pale, anayekula kiatu cha Mwalimu, angekuwa ndiye aliyekufa. Baada yake angekufa mwingine, na Boaz angekuwa ameketi mlangoni leo anakunywa soda kwa pesa ya viatu vyako. Hukuwa na njia isiyoumiza, Zilpah. Ulichagua iliyokomesha."

"Lakini nilimhurumia," Zilpah alisema. "Hata yule wa kwanza, nilimhurumia kweli."

"Najua. Huruma yako haikuwa na kosa. Kosa ni kwamba uliipeleka kwenye kaunta ya duka, ikamfikia Boaz badala ya sungura." Waya aliwatazama wote sasa, Job, Metrine, Mwalimu Werema na suruali yake iliyokunjwa. "Mtu anayetesa mnyama ili auze, hapati chakula kwa wabaya wenzake. Anakula kwa watu wema kama ninyi, wanaolipa halafu wanakwenda nyumbani wakijisifu. Siku nyingine mkimwona mnyama anateswa, msiulize anauzwa bei gani. Ulizeni ni nani anayemtesa, na nendeni mkamseme mahali atakapojibu."

Kisha akampa Zilpah ndoo, kwa sababu vizimba vya njiwa vilikuwa bado havijaoshwa.